Nguva na Mti wa Miamba: Historia ya Kutoonekana kwa Viumbe Viwili vya Kilwa

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha historia ya viumbe viwili vilivyo hatarini kutoweka ambavyo makazi yao yanakutana katika eneo moja la kusini mwa pwani ya Tanzania: nguva (Dugong dugon), mnyama wa baharini anayekula majani ya bahari, na Erythrina schliebenii, mti wa misitu ya miamba wenye shina la miiba na maua mekundu. Hoja kuu ni kwamba viumbe hivi vimepotea kwa njia mbili zinazopingana. Nguva amebaki na jina ilhali mwili wake umezidi kuwa adimu. Mti umebaki na mwili ilhali haukuwa na jina katika kumbukumbu za wanaoamua hatima ya ardhi. Makala yanaonyesha kuwa tofauti hiyo ina mizizi katika historia ya zana za uvuvi, barabara, ukusanyaji wa sampuli na sheria za uhifadhi, na kwamba sera zinazochukulia kutoonekana kuwa ni kutokuwapo zimekwisha kuhatarisha angalau kimoja kati ya viumbe hivyo.

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wameizoea Kilwa kama mji wa magofu, sarafu na misafara. Uzoefu huo una haki yake, lakini umeifanya bahari iliyo mbele ya mji ionekane kuwa njia tu ya kupitia majahazi, na msitu ulio nyuma yake kuwa ghala tu la pembe, mpira na sandarusi. Viumbe ambavyo havikuwa bidhaa kubwa ya biashara vimeachiwa wataalamu wa elimuviumbe, kana kwamba havina historia.

Makala haya yanachukua mkondo mwingine. Yanauliza swali la kihistoria: ni nani aliyekiona kiumbe fulani, lini, kwa sababu gani, na aliandika nini? Swali hilo lina uzito wa kisera. Kiumbe kinapotajwa kuwa kimetoweka, ulinzi wake huondolewa au hausogei mbele. Kinapotajwa kuwa kipo, ardhi na maji yake hupata mtetezi. Kauli ya kuwapo au kutokuwapo ni zao la kumbukumbu, na kumbukumbu zina waandishi wake, mapengo yake na maslahi yake.

Nguva na Erythrina schliebenii wamechaguliwa kwa sababu wanaishi jirani. Eneo la bahari kati ya delta ya Rufiji, kisiwa cha Mafia na Kilwa ndilo linalotajwa mara nyingi zaidi kuwa kimbilio la mwisho la nguva nchini Tanzania. Misitu midogo ya miamba katika Wilaya ya Kilwa nayo ndiyo iliyomhifadhi mti huo baada ya ulimwengu wa sayansi kuufuta. Mvuvi wa Kilwa na mrina asali wa Kilwa hununua chumvi katika duka moja. Lakini anachokijua kila mmoja wao huandikwa, kama kikiandikwa, katika daftari la ofisi tofauti.

2.0 Nguva: kutoka windo hadi hekaya

Nguva si samaki. Ni mamalia anayepumua hewa, anayenyonyesha mtoto wake, na ambaye jamaa zake wa karibu walio hai katika nchi kavu ni tembo na pimbi. Anaweza kufikia urefu wa mita 3 na kuishi hadi miaka 70. Chakula chake ni majani ya bahari yanayoota katika maji ya kina kifupi, na kwa sababu hiyo maisha yake yote yamefungwa na ukanda uleule unaotumiwa na wavuvi wadogo, meli za kamba na mito inayoleta tope.

Historia ya kupungua kwake haiwezi kueleweka bila kujua kasi yake ya kuzaa. Jike huchelewa kupevuka, pengine hadi miaka 17. Hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja. Huzaa mtoto mmoja. Na huweza kupitisha kati ya miaka 3 na 7 kabla ya kuzaa tena. Wataalamu wanakadiria kwamba hata katika mazingira bora kabisa idadi ya nguva haiwezi kukua kwa zaidi ya takriban asilimia 5 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba palipo na nguva ishirini, kifo cha mmoja tu kwa mwaka kwa sababu ya wavu kinatosha kulifuta ongezeko lote. Jamaa yake mkubwa wa bahari ya kaskazini, aliyeelezwa na Steller kufuatia safari ya mwaka 1741, alikuwa amekwisha kumalizwa na wawindaji kufikia mwaka 1768. Miaka 27 ilitosha.

Katika jamii za Waswahili nguva alijulikana vizuri. Nyama yake ilisifiwa kwa kufanana na nyama ya ng'ombe, na mafuta yake yalitumiwa kama dawa. Hakuwa windo la kila siku. Alikuwa bahati, na kama ilivyo kwa bahati nyingine za baharini, alizungukwa na miiko na masimulizi. Maumbile ya jike, hasa matiti yake yaliyo karibu na makwapa, yalimsogeza katika fikra za watu karibu na binadamu kuliko kiumbe kingine chochote cha baharini.

Mabadiliko makubwa yalikuja na uzi. Nyavu za zamani za nyuzi za mimea zilioza, zilihitaji kuanikwa na kutiwa viraka, na zingeweza kukatwa na mnyama mwenye nguvu. Uzi wa nailoni, ulioenea katika uvuvi wa pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 20, hauozi wala haukatiki kwa urahisi. Jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa, ukawa mtego usiochagua. Nguva anayenaswa na jarife chini ya maji hafi kwa jeraha. Hufa kwa kukosa hewa, kwa kuwa hawezi kupanda juu kupumua. Mvuvi anayeukagua wavu wake asubuhi hukuta mzoga, na uamuzi unaobaki mikononi mwake si wa kuua au kutoua, bali wa kutoa taarifa au kugawana nyama kimya kimya.

Takwimu zilizopo ni chache lakini zinaelekea upande mmoja. Mwaka 1967 iliripotiwa kuonekana kwa kundi lililokadiriwa kuwa na nguva 500 nje ya pwani ya kusini ya Kenya. Hesabu zilizofanywa kwa ndege katika pwani hiyo miaka ya 1990 zilirudi na wanyama wa kuhesabika kwa vidole. Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kuwa nguva wapevu hawafiki 250. Wengi wao wako katika visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kadiri mnyama alivyopungua, jina lake lilizidi kustawi. Kijana wa leo anayelisikia neno nguva humfikiria mwanamke mwenye mkia wa samaki, kiumbe wa filamu na hadithi za kutisha. Mzee aliyewahi kumvuta nguva ufukweni na kijana aliyemwona katika filamu hutumia neno moja kwa vitu viwili tofauti. Neno likiendelea kusikika kila siku, ni vigumu jamii kuhisi kwamba kuna kilichopotea.

3.0 Mti: kutoka sampuli hadi tangazo la kutoweka

Historia ya Erythrina schliebenii inaanza kwenye karatasi. Katikati ya miaka ya 1930 Hans-Joachim Schlieben, mkusanyaji wa mimea kutoka Ujerumani, alifanya kazi katika maeneo ya Lindi, akikausha matawi na maua na kuyapeleka Ulaya. Mti huu, wa jamii moja na mwamba-ngoma unaojulikana zaidi bara, ulipewa jina lake na Harms, mtaalamu wa mimea wa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hazina ya sampuli za Berlin. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mimea ya Tanganyika, iliyotoka katika misitu ambayo wenyeji wake hawakuwahi kuulizwa, iliungua katika mji ambao hawakuwahi kuuona.

Miongo iliyofuata haikuleta taarifa mpya za kutosha. Mwaka 1998 mti uliingizwa katika orodha ya kimataifa kama spishi iliyotoweka. Miaka 3 baadaye, mwaka 2001, ulipatikana ukiwa hai katika kipande cha msitu wa miamba wilayani Kilwa. Mti haukuwa umerudi kutoka popote. Ulikuwa mahali pake wakati wote, ukitoa maua mekundu kila msimu mbele ya macho ya watu ambao ripoti haikuwahi kuwafikia.

Kisha ukaja mtihani wa pili. Kufikia mwaka 2008 mahitaji ya dunia ya nishati itokanayo na mimea yalikuwa yamefika Kilwa, na maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji yalikuwa yametengwa kwa kampuni ya kigeni kwa ajili ya kilimo cha mbono. Misitu ilianza kufyekwa, na ikahofiwa kuwa mti ambao ulikuwa umegunduliwa upya ulikuwa sasa umepotea kweli. Mradi ulikwama, lakini miti iliyokatwa haikusimama tena. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena mti huo, ukiwa na miti mipevu isiyofika 50. Katika utafutaji huohuo walikuta pia Karomia gigas, mti mwingine ambao uliwahi kujulikana kwa sampuli ya pwani ya Kenya ya mwaka 1977 na kudhaniwa kuwa umekwisha hadi ulipopatikana Kilwa mwaka 1993.

Ni muhimu kuzingatia kilichouokoa mti huu kabla ya wanasayansi kufika. Ulikulia kwenye miamba ambako jembe halipiti. Mbao za jamii yake ni laini, hazimvutii mpasuaji wa magogo. Shina lake lina miiba. Uliokolewa, kwa maneno mengine, na kutokuwa na faida. Huo ni ulinzi wa kweli lakini ni ulinzi dhaifu: hudumu mpaka siku ambayo thamani inahama kutoka kwenye mti kwenda kwenye ardhi iliyo chini yake.

4.0 Wavu na daraja

Historia hizi mbili zinapowekwa pamoja, hatua moja inajitokeza katika kila upande. Kwa nguva ni wavu wa nailoni. Kwa misitu ya Kilwa ni barabara. Kwa muda mrefu mto Rufiji uliitenga kusini na soko la Dar es Salaam, hasa wakati wa masika. Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 kulimaliza utengano huo. Wananchi wa Lindi na Mtwara walikuwa wamelisubiri kwa haki kabisa, kwani wagonjwa, wanafunzi na wakulima wa korosho walilihitaji. Lakini daraja hilohilo lilipitisha magogo, na miaka iliyofuata ilishuhudia wimbi la ukataji ambalo serikali ililazimika kulidhibiti kwa amri na vizuizi.

Wala wavu wala daraja havikubuniwa kwa nia ya kuangamiza. Vyote viwili vilipunguza gharama ya kufika mahali palipokuwa pagumu kufikika. Jambo hili ni la msingi kwa mwanahistoria na kwa mshauri wa sera pia, kwa sababu sheria nyingi za uhifadhi zimeandikwa kana kwamba adui ni mwindaji mwenye dhamira. Jarife halina dhamira, wala barabara haina. Kinachohitajika ni kuuliza, kabla ya kila zana au njia mpya, ni ugumu upi uliokuwa ukikilinda kiumbe gani na ambao sasa unaondolewa.

5.0 Jina, idadi na sheria

Ulinganisho unafunua mambo matatu.

Kwanza, jina. Nguva ana jina katika kinywa cha kila mvuvi kuanzia Kiunga hadi Kilwa, na jina hilo ni la kale. Mti wetu katika nyaraka za kimataifa unatajwa kwa Kilatini tu, kwa jina la mgeni aliyepita. Mwanakijiji hawezi kutoa taarifa ya kitu ambacho swali lake ameulizwa kwa lugha asiyoijua. Tangazo la mwaka 1998 lilikuwa, kwa sehemu, matokeo ya swali ambalo halikuulizwa kwa Kiswahili wala kwa lugha za wenyeji wa Kilwa.

Pili, idadi. Hapa mambo yanageuka. Mti ukishapatikana husimama mahali pake. Mtafiti anaweza kuurudia, kuupima na kuutia alama. Nguva hujitokeza kwa sekunde chache kupumua, mara nyingi katika maji ya tope, kisha hupotea. Kwa hiyo mti usio na jina una hesabu, na mnyama mwenye jina hana hesabu ya uhakika. Takwimu ya nguva hutegemea sana kumbukumbu za wavuvi, na kumbukumbu hizo zina kizuizi chake: mvuvi akikiri kumkuta nguva wavuni anakiri pia kuwa na mzoga ambao sheria inaukataza.

Tatu, sheria. Mkataba wa Afrika wa Uhifadhi wa Maumbile na Maliasili, uliotiwa saini Algiers mwaka 1968, ulimweka nguva katika daraja la juu la ulinzi, ndani ya orodha ndefu ya wanyama. Mimea iliyopewa daraja hilo ilikuwa michache mno. Itifaki ya mwaka 1985 ya Mkataba wa Nairobi ilijaribu kuwaweka wanyama na mimea wa ukanda wetu chini ya paa moja, na makubaliano ya kimataifa kuhusu nguva yaliyofikiwa Abu Dhabi mwaka 2007 yana saini za Kenya na Tanzania. Mahali palipofaa Abu Dhabi kuwa mwenyeji, kwa kuwa Ghuba ya Uajemi ina mojawapo ya makundi makubwa ya nguva duniani. Lakini hakuna mkutano uliowahi kuitishwa kwa ajili ya mti mmoja wa Kilwa. Mnyama mwenye macho na mtoto hupata mkataba. Mti hupata mstari katika jedwali.

Hata hivyo wingi wa mikataba haujamwokoa nguva. Kiunga ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1979, Mafia mwaka 1995, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa mwaka 2004. Ramani imejaa rangi, lakini jarife bado linategwa. Kwa upande wa nchi kavu, vijiji kadhaa vya Kilwa vilivyopewa haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 vimeonyesha kwamba ulinzi unaotokana na umiliki una uhai wake. Tofauti haiko katika ukubwa wa mnyama au uzuri wa mti. Iko katika swali la nani anapata hasara kiumbe kinapotoweka, na nani anapata chochote kinapobaki.

6.0 Athari kwa sera

Kutokana na ulinganisho huu, mapendekezo machache yanajitokeza. Tangazo la kutoweka lisikubaliwe kuwa msingi wa kugawa ardhi wala maji mpaka lionyeshe utafutaji uliolitangulia: mahali palipotafutwa, msimu, na wenyeji walioulizwa. Mti ulioitwa mfu mwaka 1998 ungeweza kupotea kweli mwaka 2008 kwa idhini ya karatasi hiyo.

Taarifa ya nguva aliyenaswa kwa bahati mbaya itenganishwe na adhabu. Mvuvi anayeleta habari ya mzoga ndani ya muda uliowekwa asishitakiwe kwa kunasa. Mzoga uchukuliwe na wataalamu, na jarife lake libadilishwe kwa zana nyingine kwa gharama ya umma. Bila hatua hiyo, idadi ya nguva itaendelea kuwa siri inayofichwa na watu wasiozidi wafanyakazi wa chombo kimoja.

Aidha, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani na kamati za maliasili za vijiji viwe na daftari moja la wilaya, katika Kiswahili, lenye majina ya viumbe kama yanavyotumiwa na wenyeji sambamba na majina ya kitaalamu. Vyuo vikuu vya ukanda huu vina idara za Kiswahili, historia na elimuviumbe ambazo ni nadra kukutana katika mradi mmoja. Kutafuta na kuandika majina ni kazi ambayo hakuna idara kati ya hizo inayoweza kuikamilisha peke yake.

7.0 Hitimisho

Nguva na Erythrina schliebenii hawana undugu wa kibayolojia, na mmoja hamtegemei mwenzake. Kinachowaunganisha ni namna jamii na dola zilivyowaona na kutowaona. Mmoja anatufundisha kwamba jina linaweza kudumu hata baada ya mwenye jina kukaribia kwisha, na mwingine kwamba uhai unaweza kuendelea bila kuandikwa popote. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa miti ya Kilwa, walioinama mwaka 2001 na 2011 waliikuta. Kwa nguva, muda wa kuinama umebaki mfupi zaidi: jike aliyezaliwa mwaka huu huenda asizae mtoto wake wa kwanza hadi miaka ya 2040, na katika kipindi chote hicho atahitaji kupita kila usiku kati ya nyavu.